Mzee ana damu nyingi kupita kiasi, wa Moshi nisaidieni

Wakuu, mzee wangu yuko Kibosho, miaka 62, kila akitoka kuoga maji ya moto anawashwa mwili mzima mpaka anajikuna na gunzi, uso mwekundu. Kapimwa hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ikawa 19.8, wakasema eti ni kuishi mlimani. Kweli?

— Mlima gani bana, si Kibosho nzima ingekuwa inajikuna! Kwa mwanaume ikizidi 16.5 inatafutiwa sababu. Anavuta sigara? Mapafu je? Kama hana shida hiyo, omba kipimo cha mabadiliko ya jeni ya JAK2, wenye polisaithemia vera (ugonjwa wa uboho kutengeneza damu kupita kiasi) kama 95 kati ya 100 wanayo.

— Mimi ninao huo ugonjwa, mwaka wa nne sasa, niko Arusha. Natolewa damu mkononi kama nachangia vile ili hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) ikae chini ya asilimia 45, na asprini ndogo kila siku, ila umri wa mzee wako ukishapita 60 huwa wanaongeza na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza utengenezaji wa damu, maana damu nzito inaganda, inaleta kiharusi. Na msimpe vidonge vya kuongeza damu kisa amechoka jamani!

— Mh, alishaanza kumeza. Asante, kesho asubuhi namshusha hospitali ya KCMC.