Zege la kupiga chapa kama la nyumba za milimani Marekani, litafaa uwanja wa mama huku Wete, Pemba?

KijanaWaWete

Assalaam alaykum ndugu zangu, nina suali kwa mafundi na yoyote mwenye uzoefu. Kaka yangu yuko Colorado Marekani, kule milimani kunakoanguka theluji, na jirani yake katengeneza uwanja wa mbele kwa zege la kupiga chapa, yaani zege linamwagwa na likiwa bado bichi linakandamizwa mikeka ya mpira yenye sura ya mawe, likishakauka ukilitazama unasema haya mawe yamechongwa yakapangwa moja moja kumbe ni zege tupu. Katurushia video, mama kaipenda mno, kaka kasema atatuma pesa tuweke hapa kwetu kuanzia barazani mpaka njiani, nimepima ni kama mita 8 kwa 5.

Sasa kaka kamuomba fundi wa kule orodha ya vitu na kapewa hivi: zege la nguvu ya PSI 4,500 (kipimo cha mgandamizo zege linaoweza kuhimili), dawa ya kutia vipovu vya hewa ndani ya zege, nyuzi za plastiki, unga wa rangi, sila ya kupaka juu (dawa ya kuulinda uso wa zege), alafu kaandika kwa msisitizo kuwa mwaka wa kwanza isitiwe chumvi. Hio ya chumvi hatukuifahamu kabisa, nani anatia chumvi uwanjani? Na dawa ya vipovu nimeulizia maduka ya Chake na nimempigia mtu Unguja, hakuna anaeijua. Niagize? Na zege lenye vipovu si ndo litakuwa bovu? Mama ana miaka 71 na goti lake limechoka, mvua zetu mnazijua, sitaki tuweke kitu cha kupendeza macho alafu kikamuangusha. Nambieni ukweli.

MpembaUghaibuni

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mie nimefanya kazi ya zege Colorado misimu minne, Denver na kule juu zaidi, kwahivo hio orodha naijua vizuri na nakwambia imeandikwa kwa adui mmoja tu, barafu.

Skia. Denver yenyewe iko kama mita 1,600 juu ya bahari na miji ya milimani inapanda zaidi, Leadville imepita mita 3,000. Zege hata liwe gumu vipi lina vijitundu vinavyonyonya maji, na maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, yakikosa pa kwenda yanalipasua zege kwa ndani. Na kibaya zaidi ya baridi ni kule kubadilika, mchana jua linayeyusha usiku inaganda, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka uso wa zege unaanza kubanduka magamba, na zege la chapa uhai wake wote uko usoni mana ndo penye rangi na mchoro, uso ukibanduka huna kitu. Ile dawa inaweka vipovu vidogo sana, asilimia 5 mpaka 7 ya zege lote, barafu ikivimba inapata pa kupumulia. Vinapunguza nguvu kidogo ni kweli, ndo mana wanaongeza simenti na wanabana maji.

Chumvi sasa. Kule watu wanamwaga chumvi kuyeyusha barafu mlangoni, na gari zinaibeba kutoka barabarani zinaidondosha uwanjani, inalifanya zege linyonye maji zaidi na ligande na kuyeyuka mara nyingi zaidi, zege changa linaliwa haraka. Wanaojua wanamwaga mchanga tu ili mguu ushike. Na wenye uwezo, huko Aspen na Vail, wanalaza mabomba ya maji moto chini ya zege kabisa theluji iyeyuke yenyewe, nimewahi kuilaza hio mipira kwa mikono yangu.

Wete hakugandi. Dawa ya vipovu usiagize, pesa hio ipeleke kwenye simenti na kushindilia chini.

Ila kuna kitu kimoja cha milimani kinachokuhusu. Kule hewa ni kavu, jua kali na upepo, uso wa zege unakauka kabla ya tumbo na unapasuka nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na sisi jua la msimu wa kaskazi linafanya hayo hayo. Tulikuwa tunaanza kumwaga kabla jua halijachomoza. Kupiga chapa kuna wakati wake mdogo sana, ukiwahi mkeka unazama ukichelewa haushiki, bonyeza kidole, kikiacha alama kama nusu sentimita na zege halikukunatia ndo anza. Usikubali fundi akamwaga mita 40 siku moja na watu watatu, nusu ya pili itamgandia mkononi.

FundiFuoni

Kaka wa ughaibuni kasema kweli tupu, mie naongezea ya huku kwetu mana adui yetu mwengine.

Kwanza mchanga. Usije ukaletewa wa pwani usiku kwa bei rahisi, mbali ya kuwa kuchimba fukwe ni kosa, ule una chumvi, na chumvi inaozesha waya na nondo ndani ya zege, chuma kikiota kutu kinavimba na kinalifumua zege juu yake. Alafu kwenye zege la rangi chumvi inakuja juu inakuwa unga mweupe, leo unafuta kesho umerudi, rangi yote inapauka. Maji ya kisima kilicho karibu na bahari yaonje kwanza, yakiwa na ladha ya chumvi usichanganyie.

Pili udongo. Nyinyi Pemba maeneo mengi udongo mzito wa mfinyanzi, masika unavimba kiangazi unanywea, zege likilala juu yake moja kwa moja litapasuka hata ukiweka PSI elfu kumi. Chimba utoe, jaza kifusi kizuri tabaka kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe kwa mashine si kwa kukanyaga na miguu. Hapa ndo watu wanapobana pesa na hapa ndo pabaya kubana.

Hesabu yako: mita 40 za mraba kwa unene wa sentimita 10 ni mita 4 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 1.5 kwa 3 inakwenda kama mifuko 8 ya kilo 50 kila mita ya ujazo, weka mifuko 32 na kidogo ya akiba. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umeloa upunguze. Vijana wetu wanapenda zege lenye kumiminika kama uji mana jepesi kusambaza kwa pauro, simama hapo hapo na ukatae. Na tafuta mashine ya kuchanganyia, zege la kuchanganya chini kila karai linatoka rangi yake.

Mipasuo: zege lazima lipasuke, kazi yako ni kulichagulia pa kupasukia. Kata kwa grinda kila mita 2.5, kina kisipungue robo ya unene, na usingoje wiki, kata kabla ya kutimia siku moja. Ukifuata mstari wa mchoro wa mawe haitoonekana.

Mwisho, sisi tumezoea kufunika magunia na kumwagilia siku saba. Kwenye zege la rangi gunia linaacha mabaka na plastiki iliyokunjana nayo inaacha mistari. Kuna dawa ya kupulizia ya kuzuia maji yasitoke, hio ndo ya kutafuta Dar. Na fanya kazi hii kipupwe, Juni mpaka Agosti, si masika.

MamaWaBububu

Mwanangu KijanaWaWete, mie si fundi lakini hilo zege ninalo mlangoni kwangu mwaka wa tatu huu na nataka usome hapa kabla hujatoa hata senti.

Zuri ni zuri, sikatai. Lakini niliwekewa sila ya kung'ara kama kioo, fundi kaniambia ndo ya kisasa. Masika ya kwanza tu maji yalinasa chini ya ile sila, ikawa na mawingu meupe kama maziwa yamemwagika. Alafu upande wa mwembe usiopata jua ukaota ukoga ndani ya ile michoro, mama mkwe wangu kateleza akitoka kutia udhu, kavunjika mkono. Siku ile sitoisahau. Nilikaa nae hospitali najilaumu mana nilichagua kwa macho sikufikiria miguu yake.

Baada ya hapo tumeikwangua sila yote, tumeweka ile inayoingia ndani ya zege isiyoacha ngozi juu, haing'ari lakini zege linapumua. Waliotaka kubaki na ya juu wanachanganya unga wa kukwaruza ndani yake, nao unasaidia. Na chagua mchoro usio na mabonde, mama mwenye goti bovu au anaetembelea fimbo anahitaji pahala bapa. Mteremko uwe sentimita 2 kila mita, maji yatoke yasilale. Na kila baada ya wiki chache brashi ngumu na sabuni, ukoga hausubiri mtu.

Kingine, uliza bomba la maji na waya wa umeme vinapita wapi. Pevingi, yale matofali ya zege ya kupanga chini, unaing'oa unatengeneza unairudisha, hili likikatwa kiraka hakifanani na pale pengine milele. Bibi yangu alikuwa na sakafu ya niru nyekundu, ikipasuka wanatia niru nyengine basi, haikuwa na makuu.

MwalimuMakete

Mie mzaliwa wa Mkoani nafundisha Makete huku bara. Juu kule Kitulo kwenye mita 2,600 hivi Juni na Julai asubuhi unakuta majani yana barafu nyeupe kabisa. Kwahivo hio dawa ya vipovu kuna Watanzania itawafaa, nitawaonyesha wenzangu wanaojenga. MpembaUghaibuni ahsante sana.

KijanaWaWete

Allah akulipeni kheri nyote, shangazi wa Bububu pole sana na mama mkwe nae pole, yako imenigusa zaidi mana ndo hofu yangu ilipokuwa.

Nimeongea na kaka na mama jana usiku. Kutoka barazani mpaka njiani pale mama anapopita kila siku kutakuwa zege la kawaida lililopigwa brashi, upana mita moja na nusu, na ubao wa kushikia pembeni. Chapa tutaweka pande mbili tu, mchoro bapa, bila ya sila ya kung'ara. Bomba la maji linapita upande wa kushoto kwahivo pale itakuwa pevingi. Vipovu na nyuzi tumeziondoa kwenye orodha, pesa inakwenda kwenye kifusi na kukodi mashine.

FundiFuoni nina ombi, kabla ya kazi nataka tumwage kipande cha mita moja kwa moja nyuma ya nyumba tukiache masika yote, tuone rangi inavofanya na ukoga unaota wapi, mama mwenyewe akikanyage kikiwa kimeloa nikiwa nimemshika mkono. Kikipita hapo tunaanza Juni. Ukiwa na nafasi ya kuja Pemba nambie, nauli ya boti juu yetu.

FundiFuoni

Nakuja. Hicho kipande kifanye kwa mchanga huo huo na maji hayo hayo utakayotumia kazi kubwa, ukibadilisha kimoja hakitokwambia kitu. Na ukiweke upande usiopata jua.