Treni ya modeli: kichwa kinachoka upande wa mbali, pembetatu inapiga shoti, mabehewa yenye mzigo yanaanguka

Mataruma_Isevya (Tabora)

Wakuu, habari za jioni. Hapa Tabora reli ya kweli tunayo tangu enzi za Mjerumani, ila wa kumuuliza kuhusu hii ndogo sijampata, kwa hiyo naleta kwenu.

Vifaa: seti ya kipimo cha HO (1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko treni ya kweli), reli za upana wa mm 16.5, umeme wa DC wa kawaida, kidhibiti cha volti 12, ampea 1. Bodi ni plywood nzima, m 2.4 kwa 1.2. Kuna mzunguko mmoja wa yai wa kama m 5.4, kona zina nusu kipenyo sm 44. Upande mmoja njia inapanda sm 4 ndani ya m 1, upande wa pili inashuka. Kuna njia mbili za kuegesha, na nimeanza kuweka pembetatu ili tawi la Mwanza liungane na njia kuu ya Dar–Kigoma kutoka pande zote mbili. Waya unaingia sehemu moja tu, ule uliokuja na seti.

Kwanza, kichwa kikifika upande wa mbali kinapunguza mwendo wazi kabisa, na kwenye njia za kuegesha wakati mwingine kinakufa. Multimita inasoma volti 12 kila mahali! Pili, nikichomeka kipande cha mwisho cha pembetatu, kidhibiti kinawaka taa nyekundu na kukata, hata kama hakuna treni juu ya reli. Tatu, mabehewa. Kichwa (g 280) kinavuta matano: mawili bapa ya kontena za boksi (g 58 kila moja) yako mbele, halafu mawili ya kokoto za kweli (g 240 kila moja), mwisho la chumvi ya kweli ya Uvinza (g 190). Kwenye mlima magurudumu ya kichwa yanazunguka bure, na kwenye kona kontena zinaangukia ndani. Niongeze volti, au nitafute kichwa kingine?

FundiMita_Mwanga (Kigoma)

Mkuu, usiongeze volti na usinunue kichwa. Nianze na hilo la kwanza.

Hizo volti 12 unazosoma kila mahali hazikuambii kitu, kwa sababu multimita haivuti umeme wa maana. Kiungio kibovu (kile kipande kinachounga reli na reli) kitapitisha volti 12 safi mpaka pale kitu kinapoanza kula ampea, ndipo volti zinapopotea. Kwa hiyo pima ukiwa na mzigo wa umeme. Nenda duka la spea za pikipiki ununue balbu ya indiketa, volti 12 wati 10. Inavuta takribani ampea 0.8, zaidi ya vichwa vingi vya HO vinapotembea. Iunganishie nyaya mbili fupi zenye klipu.

Ondoa treni yote, weka kidhibiti mwisho, bana balbu kwenye reli mbili za upande wa mbali kabisa. Sasa soma volti pale pale kwenye balbu. Ukikuta 11.5 au zaidi, njia ni nzima. Ukikuta 9, kuna volti tatu zimeliwa njiani, na zinaliwa karibu zote kwenye viungio, si kwenye reli yenyewe. Balbu ikiendelea kuwaka, weka ncha moja ya multimita kwenye reli upande huu wa kiungio na nyingine upande ule, reli ileile. Kiungio kizima kinasoma karibu na sifuri, chini ya volti 0.05. Kikisoma 0.3 na kuendelea, umempata mwizi. Tembea hivyo kiungio kwa kiungio, reli zote mbili. Kwa mzunguko wako ni kazi ya nusu saa.

Viungio vinaharibika kwa namna mbili: vinalegea kwa kuchomolewa na kuchomekwa kila siku, au vinashika kutu na vumbi ndani. Vilivyolegea vibane taratibu kwa koleo la ncha nyembamba. Lakini dawa ya kudumu ni kuacha kuvitegemea. Chini ya bodi zungusha nyaya mbili za nyumba za mm² 1.5, nyekundu na nyeusi. Kila baada ya kama m 1 shusha vipande vifupi vya mm² 0.5, visizidi sm 30, kutoka reli ya nje kwenda nyekundu na reli ya ndani kwenda nyeusi. Ukichanganya rangi mahali pamoja tu unapata shoti, kwa hiyo jaribu kila kipande kwa balbu kabla ya kushusha kinachofuata.

Njia za kuegesha ni habari nyingine. Pointi (pale njia inapogawanyika) nyingi hupeleka umeme upande zilikoelekezwa tu, na umeme huo unapita kwenye ulimi wa pointi unapogusa reli. Vumbi la Tabora la kiangazi likiingia hapo, njia inakufa. Unaweza kushusha waya kwenye njia yenyewe, ila angalia kwanza pale reli mbili zinapovukana katikati ya pointi. Kukiwa na plastiki, endelea. Kukiwa na chuma kitupu, weka viungio vya plastiki kwenye reli mbili za ndani zinazotoka hapo kabla hujaleta waya mwingine, la sivyo utapiga shoti kila ukigeuza pointi.

Kusafisha reli: kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti aina ya isopropili. Sanitaiza ya jeli usiitumie, ina gliserini inayobaki juu ya reli. Msasa usiuguse, mikwaruzo yake ndiyo nyumba ya uchafu.

TawiLaKaliua

Hapo kwa FundiMita sina la kuongeza. Nachukua pembetatu.

Taa nyekundu inawaka bila treni kwa sababu pembetatu yenyewe inaunganisha reli nyekundu na nyeusi. Chukua karatasi, chora njia kuu mlalo: reli ya kaskazini nyekundu, ya kusini nyeusi. Sasa fuata mkono unaotoka upande wa Kigoma kuingia tawi la Mwanza: kwenye tawi, reli ya magharibi itafika ikiwa nyekundu na ya mashariki nyeusi. Fuata mkono wa upande wa Dar: hapo reli ya mashariki ndiyo nyekundu. Mikono yote miwili inakutana kwenye pointi ya tawi. Hakuna namna ya kupanga nyaya itakayokwepa hilo, ni umbo lenyewe. Kila mahali ambapo treni inaweza kugeuza uso bila kuinuliwa kwa mkono kuna shida hiyo hiyo, hata kitanzi cha kawaida.

Dawa: fanya tawi la Mwanza pamoja na pointi yake kuwa kisiwa. Weka viungio vinne vya plastiki, viwili kwenye kila mkono, kabla ya kufika kwenye pointi ya tawi. Watu wengi hukosea hapa kwa kukata reli baada ya pointi, upande wa tawi, na shoti inabaki ndani ya pointi.

Kisiwa hicho kilishe kwa swichi ya miguu sita yenye misimamo miwili. Nyaya mbili kutoka kidhibiti ziingie miguu ya juu, na kutoka hapo vuka kwenda miguu ya chini kwa mfano wa herufi X. Miguu ya katikati iende kwenye reli za tawi.

Kutumia ni rahisi kuliko kueleza. Weka swichi ilingane na mkono unaotokea treni, ingiza treni nzima mpaka behewa la mwisho livuke zile plastiki na pointi ya tawi, simamisha. Geuza pointi, geuza swichi, ongeza mwendo. Kidhibiti usikiguse upande wa mwelekeo. Kwa kuwa ni DC, kugeuza ile swichi peke yake kunakifanya kichwa kirudi kinyumenyume, na kitatokea mkono wa pili kikiwa kimelingana na njia kuu. Kwa kichwa cha sm 20 na mabehewa matano ya sm 15 unahitaji sm 95, bado nafasi ya kusimama. Acha tawi liwe na m 1.1 baada ya pointi yake.

(Pembeni kidogo: mm 16.5 mara 87 ni mm 1,435, upana wa SGR. Njia ya zamani inayopita hapo kwenu ni ya mita moja, kwa HO ingekuwa mm 12. Haikuzuii kitu, ila mtu atakuja kukuuliza.)

Chubwi_Ujiji

Mkuu Mataruma, mzigo wako una makosa mawili tofauti: uzito wenyewe na mpangilio.

Uzito kwanza. NMRA, chama cha watu wa reli za modeli cha Marekani, kina pendekezo lake: kwa HO behewa liwe na aunsi 1, ukiongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwa vipimo vyetu ni g 28 jumlisha g 5.6 kwa kila sm. Behewa la sm 15 linataka g 112. Ya kontena yana g 58, nusu ya inavyotakiwa. Ya kokoto yana zaidi ya mara mbili.

Halafu umeweka mepesi mbele na mazito nyuma. Kwenye kona, kichwa kinavuta mbele na g 670 zinavuta nyuma, na mnyororo ulionyooshwa unataka kukata kona. Chepesi kilicho katikati ndicho kinachonyanyuliwa na kuangushwa ndani. Ukilingana uzito, shida hiyo inakwisha karibu yote. Kama lazima mmoja awe mzito, akae jirani na kichwa.

Mlima nao tuupigie hesabu. Kichwa cha g 280 kinaweza kuvuta takribani moja ya tano ya uzito wake kabla magurudumu hayajateleza, yaani g 56. Mabehewa yako yote ni g 786. Mlima wa sm 4 kwa m 1 unadai asilimia 4 ya hizo, g 31. Msuguano wa ekseli chukua asilimia 2.5, g 20. Na kichwa kujipandisha chenyewe g 11. Jumla 62. Hakiwezi, hata ukikipa volti za TANESCO nzima. Mabehewa matano ya g 112 ni g 560: 22 na 14 na 11, jumla 47. Kinapanda, ila kwa shida kidogo. Ukishusha mlima uwe sm 2 kwa m 1, unadai 31 tu. Mimi ningeshusha mlima hata baada ya kurekebisha uzito.

Sasa namna ya kupakia. Kokoto zote zitoe. Jaza behewa kwa kipande cha povu jeupe la kwenye maboksi ya TV, kikatwe kiwe chini ya ukingo kwa mm 3, kisha juu yake paka gundi ya mbao na unyunyize tabaka moja la kokoto zilizochekechwa kwa chujio la chai. Macho yanaona behewa limejaa. Uzito unaokosekana uweke chini kabisa, juu ya ekseli mbili za pande zote kwa usawa. Washa za chuma za M10 ni karibu g 4 kila moja. Pima kwa mizani ya jikoni. Kwenye behewa bapa pasipo na nafasi, tumia chubwi za wavuvi, zile za risasi: ponda bapa kwa nyundo, bandika chini ya sakafu au ndani ya kontena kwenye kitako. Risasi ni sumu, nawa mikono, na mtoto asizichezee. Kama mabehewa yako yanaachana kwa sumaku iliyozikwa kati ya reli, epuka washa za chuma, zitavutwa.

Chumvi ya kweli itoe leo leo. Inanyonya unyevu, inadondoka kwenye reli na kula chuma. Pitisha sumaku kwenye reli: ikinata, ni za chuma cha kawaida na zitashika kutu haraka. Unga wa mahindi nao unaita sisimizi na panya. Magunia ya Uvinza yatengeneze kwa grauti nyeupe ya vigae iliyokandwa na gundi ya mbao. Gunia la sm 90 kwa 50 kwa kipimo chako ni mm 10 kwa 6. Yabonyeze kidogo katikati kabla hayajakauka. Kontena la futi 20 ni mm 70 kwa 28, kimo mm 30.

Mwisho pima umbali wa ndani kati ya magurudumu ya kila ekseli: uwe karibu mm 14.4. Yakibanana zaidi, behewa litapanda kwenye pointi hata ulipe uzito gani.

Mataruma_Isevya (Tabora)

Asanteni sana wakuu. Balbu imesema: upande wa mbali volti 8.9, na kiungio kimoja tu chini ya mlima kinakula 1.7. Plastiki nne nimeweka, taa nyekundu haiwaki tena. Maswali mawili: nalehemuje waya bila kuyeyusha mataruma ya plastiki, na je, umeme ukikatika naweza kutumia betri ya sola ya volti 12?

FundiMita_Mwanga (Kigoma)

Kulehemu: kwangua ubavu wa nje wa reli mpaka ung'ae, paka fluksi (dawa ya kusaidia solda ishike) kidogo, weka pamba yenye maji juu ya reli pande zote mbili za hapo. Tia solda kwenye ncha ya waya kwanza na kwenye reli kwanza, kisha viguse pamoja. Chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60 chenye ncha moto kabisa, sekunde 2 au 3, ondoa. Chuma dhaifu ndicho kinachoyeyusha mataruma, kwa sababu unakishikilia muda mrefu.

Betri inafaa, lakini kidhibiti chako kinakata kikiona shoti na betri haikati; itamwaga ampea mpaka waya uwake. Fyuzi ya ampea 2 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha kidhibiti cha mwendo cha DC kinachokubali volti 12.

Chubwi_Ujiji

Na usilehemu viungio vyote kwa kuwa sasa una chuma mkononi. Plywood inasinyaa kiangazi na reli inatanuka mchana, karibu mm 0.3 kwa kila m 1 joto likipanda nyuzi 20. Acha kiungio kimoja kila m 1 bila solda, chenye mwanya wa nusu milimita. Kwa kuwa kila kipande kina waya wake, kiungio hicho hakibebi umeme tena, kinashika reli tu.