Naomba ushauri: kubadilishiwa simu ya Samsung Galaxy Note 7, nazungushwa tu
Wakuu, habari zenu. Niko Columbus, Ohio, na Galaxy Note 7 niliyochukua kwa mkopo kwenye kampuni yangu ya simu. Tangu Septemba 15 mwaka huu wa 2016 ilipotangazwa rasmi zirudishwe kwa sababu ya betri kushika moto, mteja anachagua simu nyingine au pesa zake. Ila dukani naambiwa "mzigo haujafika, piga huduma kwa wateja". Nikipiga, "nenda dukani". Makato ya mwezi sasa, hayo hayachelewi! Usiku naizima na kuiacha jikoni juu ya vigae.

Mwezi ujao nasafiri kwenda Dar, na mamlaka ya anga ya Marekani (FAA) imeshaonya isiwashwe wala kuchajiwa ndani ya ndege. Nidai pesa, au nisubiri ya kubadilishiwa? Na kava je, linarudishiwa hela? Aliyefanikiwa anielekeze alianzia wapi.