Ushauri: toroli la kubebea mashine ya randa kilo 180, nifunge matairi gani?

Seremala_Nkuhungu
Wakuu habari za saa hizi. Nina kakarakana kangu huku Nkuhungu, Dodoma, natengeneza vitanda, milango na makabati. Kuna mashine ya randa, ile ya kulainisha mbao, kibao chake kimeandikwa kilo 180, ndani hapatoshi na vumbi la mbao linatuziba pua, kwa hiyo mchana naitaka nje chini ya turubai na jioni irudi ndani maana mnajua wenyewe, ikilala nje asubuhi unakuta bolti tu. Sasa hivi tunaisogeza watu wanne kwa kuiviringisha juu ya mabomba, na vijana wameshashtuka, ikikaribia saa kumi na moja kila mtu ana dharura kwao. Nataka nichomelee toroli fupi la matairi manne mashine ikae juu yake moja kwa moja. Fremu nawaza skwea paipu ya inchi moja na nusu. Ndani ni sakafu ya sementi yenye nyufa, mlangoni kuna kizingiti, nje udongo mtupu. Bajeti ya vifaa laki mbili, mtu wa kuchomelea ni jirani yangu. Matairi ya ukubwa gani? Na je nifanye toroli moja kubwa na kompresa na drili ya kusimama vikae humohumo? Nawasilisha.

Chuma_Chakavu
Mkuu hesabu ya matairi usigawanye kwa nne, gawanya kwa tatu. Sakafu ikiwa na mabonde kuna muda tairi moja linaelea na mzigo wote unabebwa na matatu. Kilo 180 jumlisha fremu kama 30 ni 210, kwa tatu ni 70 kila tairi. Chukua yaliyoandikwa kilo 100 kwenda juu, inchi 5 ndio mwanzo, 6 bora zaidi kwa sababu ya hizo nyufa. Mawili ya kuzunguka (yanayogeuka kila upande) yenye breki na mawili yaliyonyooka (yasiyogeuka), ukifunga yote manne ya kuzunguka litakuwa linaenda linakotaka lenyewe. Vile vitairi vya viti vya ofisi hata usivishike.

Muuza_Mkaa_Bahi
Hao vijana wawekee chai na chapati saa kumi na moja kasoro uone kama watakuwa na dharura 😂

Dada_Plewudi
Naongezea kwa Chuma_Chakavu. Ya mpira mweusi yakisimama na mzigo muda mrefu yanabonyea upande mmoja, ukisukuma yanadunda. Ya plastiki ngumu yanapiga kelele na kipande cha mbao kikiingia chini linagoma palepale. Tafuta yale mekundu ya poliyurethani. Ila kaka ngoja nikwambie ukweli, hapo nje kwenye udongo hakuna kasta (hivi vitairi vya kufunga chini ya toroli) itakayokusaidia, kiangazi hiki linazama kwenye vumbi na Januari mvua zikishika ndio kabisa. Hiyo hela punguza umwage zege kuanzia mlangoni mpaka chini ya turubai, upana wa toroli tu, na kizingiti ukifanyie mteremko mrefu pande zote mbili.

Kijana_wa_Ihumwa
Zege la nini sasa, weka matairi ya toroli la ujenzi yale ya upepo unapita popote.

Dada_Plewudi
Yatapita ndio, lakini moja likipungua upepo mashine ya kilo 180 inalala upande. Halafu ni makubwa, ukiyaweka chini ya fremu meza inapanda unaanza kulisha mbao kifuani.

Babu_Randa
Wanangu mmeongelea kusukuma tu, kazi mmeisahau. Mashine ya randa haifanyi kazi ikiwa imesimama kwenye matairi hata kama yana breki. Breki inazuia tairi lisiviringike, haizuii kuyumba, ukiingiza ubao mrefu wa mninga mashine inacheza na ncha za ubao zinaliwa. Kila kona ya fremu chomelea nati ya M16 (ya bolti nene ya milimita 16), pitisha bolti ndefu kutokea juu, ukifika mahali pa kazi unaikaza kwa spana namba 24 mpaka matairi yanaelea, mashine imekaa kwenye bolti nne. Ardhi ikiwa na mwinamo unazidisha kona moja basi. Jioni unalegeza unasukuma.
Na matairi usiruhusu jirani ayachomelee kwenye fremu, moto unaunguza grisi ya beringi na tairi lenyewe. Chomelea pleti, toboa, funga kwa bolti za M10 na springi wosha, likifa unabadilisha bila grinda.

Chuma_Chakavu
Shikamoo mzee, hapo kwenye bolti umemaliza. Fremu nayo achana na skwea paipu za geji 16, ni karatasi hizo kwa mzigo huu. Engo laini (chuma cha pembe, umbo la L) ya inchi mbili, unene milimita 5, mashine itumbukie ndani ya engo, na matairi yakae kwenye masikio (pleti zinazochomoza) nje ya fremu badala ya chini yake. Mashine inabaki chini karibu na sakafu na msingi unakuwa mpana. Drili ya kusimama usiipandishe humo, kichwa chake kizito kiko juu, kwenye huo mteremko itakulalia. Kompresa nyingi zina magurudumu yake.

Seremala_Nkuhungu
Marahaba ya mzee naitoa mimi kwa niaba yake 😂 Asanteni sana. Tatizo mlango wangu ni sentimita 80, msingi wa mashine 55, hayo masikio yatapita?

Chuma_Chakavu
Yatoe mbele na nyuma, usiyatoe ubavuni. Ukiyaweka ubavuni kumbuka tairi la kuzunguka likigeuka linatoka nje ya pleti yake, litagonga fremu ya mlango.

Seremala_Nkuhungu
Sawa, mbele na nyuma basi. Zege naanza nalo wiki hii, vyuma Jumamosi. Mzee, bolti za M16 nichukue urefu gani?

Babu_Randa
Inchi sita. Na chini ya kila bolti weka kipande cha flati ba (chuma bapa), vinginevyo itatoboa hilo zege lako jipya.