Eti "muwashe upya kila mwezi"! Huyu mkaguzi wa misimbo amenichosha, wakuu

FundiKeneli: Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, simtaji, yeyote aliyewahi kupeleka msimbo kwake anamjua. Leo kaniambia mbele ya timu nzima: "Hiyo kaunta ya muda ikijaa, si muwashe upya kila mwezi?"

Kila mwezi! Keneli, kiini chenyewe cha mfumo wa kompyuta!

Kaunta ya biti 32 inayopiga mara 1000 kwa sekunde inajaa kwa siku 49.7, halafu inarudi sifuri. Windows 95 ilikuwa inaganda kwa jambo hilohilo, dunia nzima inajua isipokuwa yeye. Kujua kama taima imefika (sasa ni namba ya kaunta, kikomo ni namba ambayo taima inatakiwa kulia), mimi niliandika hivi:

(int32_t)(sasa - kikomo) >= 0

Kutoa mara moja, jibu lisomwe kama namba chanya au hasi, basi. Hakuna kufuli, hakuna intarapti (ishara ya kukatiza kazi ya prosesa) ya kuvizia kaunta ikijaa. Hata ikizunguka jibu linabaki sahihi, mradi sasa na kikomo visiachane kufikia nusu ya mzunguko. Kaifuta! Kaweka sasa >= kikomo, eti ndiyo inasomeka. Zikibaki sekunde 5 kaunta ijae, weka taima ya sekunde 10 uone: kikomo kinageuka namba ndogo, taima inalia papo hapo. Nikamwonyesha. Akacheka, ndipo akasema hayo ya kuwasha upya. Kila mwezi, wakuu!

BitiYaMwisho: Umesema "kila mwezi" mara ngapi? Na wewe umeanza kuzunguka.

Mzee_wa_Rejista: Jamaa hayuko peke yake. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme kila baada ya muda, maana kaunta ya vidhibiti vya jenereta hujaa umeme ukikaa siku 248 mfululizo. Ndege inawashwa upya, sembuse seva yako?

FundiKeneli: Ile ilikuwa dharura wakati programu inarekebishwa! Huyu kaifanya ndiyo dawa! Tena alikuwa anacheka!

Kufuli0: Linux kaunta huanza dakika 5 kabla ya kujaa, makusudi, ili makosa kama haya yaumbuke mapema. Mwekee hivyo kwenye mashine yake. Kila mwezi atausahau.

TikiTaka: Wekeni biti 64 mlale.

Mzee_wa_Rejista: Kwenye chipu ya biti 32? Namba inasomwa kwa nusu mbili: unasoma nusu ya juu, ya chini inazunguka kabla hujaifikia, muda unarudi nyuma. Soma juu, chini, juu tena, zikitofautiana rudia. Vijana mnapenda kulala.

TikiTaka: Nani kakuuliza?

NusuMzunguko: Mnalilia siku 49? Taima ya ACPI (kanuni za kusimamia umeme wa kompyuta) kwenye PC ikiwa ya biti 24 inajaa kila sekunde 4.7. Keneli ikichelewa kuisoma, mzunguko mzima umepotea.

Kufuli0: Afadhali hiyo ina maelezo. Aliyeandika kitabu cha chipu yetu kasema kaunta inapanda. Inashuka! Timu nzima imekesha ikitafuta kosa lisilokuwepo.

BitiYaMwisho: Inashuka?? Na kwetu hivyohivyo! Tena ile bendera ya kujaa (biti inayoashiria kaunta imejaa) inafutwa kwa kuandika 1, wao wameandika 0.

FundiKeneli: Jamani, turudi kwa huyu jamaa. KILA MWEZI.

Kufuli0: @BitiYaMwisho hiyo bendera ndiyo iliyotuua. Ni ile chipu yenye rejista (vihifadhi vidogo vya namba) mbili za taima?

BitiYaMwisho: Hiyohiyo. Fungua uzi wake, nina picha za ukurasa wenyewe.