Vijana hawavai vifaa vya kujikinga karakana ya mbao, nifanyeje?

FundiNgamiani

Habari za jioni wakuu.

Nasimamia karakana ya samani hapa Tanga mjini, pande za Ngamiani. Tunatengeneza vitanda, makabati na milango. Mbao zetu nyingi ni mtiki unaotoka Longuza, na mkongo kidogo. Mafundi wa kudumu ni wanane, vibarua wanakuja na kuondoka kulingana na oda.

Hivi karibuni kijana wetu mmoja aliumizwa na msumeno wa meza, vidole viwili. Amepona, lakini kimoja hakikunji tena. Nikamwomba tajiri vifaa, akanunua glavu, barakoa za kitambaa, miwani na ovaroli. Siku za mwanzo wote walivaa. Sasa hivi ukipita mchana utakuta glavu zimetundikwa msumarini na miwani iko dirishani. Kava la msumeno nalo walishalifungua, wanasema linachelewesha.

Nimeongea kwa upole, nimeongea kwa ukali. Tajiri anasema yeye hela katoa, uliobaki ni ukaidi wao, niwakate pesa. Roho yangu haitaki. Hawa ni watu wazima wenye familia. Lakini pia sitaki kumpeleka mwingine hospitali ya Bombo akiwa ameshika mkono wake kwa kitambaa.

Mliopita viwandani, ni kitu gani kilifanya watu wafuate? Nawasilisha.

Mtoto wa Makorora

Pole kwa kijana. Mimi naungana na tajiri wako. Mtu mzima akijua hatari na bado akavua, akikatwa hela mara mbili atavaa. Huruma ndiyo inaumiza watu.

MzeeWaKorona

Kijana, nina swali moja kabla ya ushauri. Hao mafundi wanalipwa kwa siku au kwa kipande?

FundiNgamiani

Shikamoo mzee. Kwa kipande. Kitanda kina bei yake, mlango una bei yake.

MzeeWaKorona

Marahaba. Basi jibu lako lipo hapo.

Nimefanya kazi kwenye mkonge upande wa Korogwe, kwanza korona, yaani kwenye mashine ya kuchambua nyuzi kutoka majani ya mkonge, baadaye brashi. Asiyeingia chumba cha brashi hajui vumbi ni nini. Nyuzi zinapigwa mswaki ili zing'ae, na kile kinachotoka kinaelea hewani siku nzima. Tulikuwa tunajifunga vitambaa puani asubuhi, ikifika saa tano vimeshushwa shingoni. Hakuna aliyetushinda kwa kujua kwamba vumbi lina madhara, tulikuwa tunakohoa wenyewe usiku. Lakini tulipimiwa kazi. Ukisimama kupumua, mwenzako anakupita.

Fundi anayelipwa kwa kipande, kila dakika ya kurekebisha kava anaitoa mfukoni mwake. Ukimkata hela juu yake, atafanya haraka zaidi ili kufidia. Ndugu yangu wa Makorora, usinielewe vibaya, adhabu nimeiona ikitumika. Watu walivaa meneja akipita, akiondoka wanavua. Na mtu akiumia kidogo anaficha, hapo ndipo pabaya.

Afisa Usalama TZ

Mzee kagusa kiini. Naongeza ya kiufundi, na la kwanza ni la haraka: FundiNgamiani, kesho asubuhi waondolee glavu wote wanaokata kwenye msumeno au kuranda. Kwenye chuma kinachozunguka, glavu ikinaswa inavuta mkono mzima ndani. Glavu ziwe za kubeba mbao na kushika kemikali, basi. Hapo mafundi wako wako sahihi kuzitundika.

Pili, barakoa za kitambaa hazizuii vumbi laini, na lile laini ndilo linalofika mapafuni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, limeliweka vumbi la mbao kundi la kwanza, yaani limethibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Mtiki una lake pia, unawasha ngozi. Tafuteni barakoa zenye kichujio. Lakini kabla ya hapo feni ya kufyonza vumbi pale pale linapotoka, na maranda yafagiliwe yakiwa yamelowanishwa kidogo. Msiruhusu mtu kujipuliza nguo kwa kompresa.

Vifaa vya kuvaa ni ngao ya mwisho. Kinachotangulia ni mashine yenyewe. Waulize mafundi kwa nini kava linachelewesha. Mara nyingi utakuta lilitengenezwa kwa mbao nyembamba, mbao nene inakwama. Mchomeleaji anaweza kutengeneza la kupanda na kushuka. Ongeza kijiti cha kusukumia, ili mkono usifike kwenye meno ya msumeno.

Ovaroli zito kwa joto la Tanga na unyevu wa bahari, mwezi wa pili, hata mimi ningelivua. Nunueni nyepesi, mikono mifupi, isiyoning'inia.

DadaWaPongwe

Mimi ni mwajiri mdogo, nina mashine za kusaga na kufungasha viungo. Naomba niseme upande wa tajiri, kwa sababu asipoingia yeye, msimamizi atachoka bure.

Wafanyabiashara wengi tunaiona OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, kama mtu wa kuja kutoza. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri asajili eneo la kazi na atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Kumkata pesa kinyemela kwa ajili ya vifaa ni kujitafutia kesi. Muulize pia kama mmesajiliwa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango ni wa mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara, na yule kijana mwenye kidole kisichokunja ana haki ya kufanyiwa tathmini ya ulemavu.

Kwangu mambo yalibadilika nilipoanza kuvaa mwenyewe kila nikiingia kwenye mashine. Tajiri wako akiingia na kanzu nyeupe kukagua oda, msumeno ukiwa unazunguka, hao vijana wanajifunza nini?

FundiNgamiani

Nashukuru sana wote. Glavu kesho nazitoa. Yule kijana aliyeumia nitamfuatilia haki yake WCF, sikujua kama ipo. Kwenye malipo, mzee, tajiri hatakubali mshahara wa siku. Nifanyeje?

MzeeWaKorona

Usimwombe mshahara wa siku. Mwombe saa ya kwanza ya asubuhi ilipwe kivyake: kunoa msumeno, kufunga kava, kusafisha feni, kumwonyesha kibarua mpya. Msumeno mkali haumlazimishi mtu kusukuma mbao kwa nguvu, na anayesukuma kwa nguvu ndiye mkono unamteleza. Kazi itakayoharibika itapungua, hilo tajiri ataliona kwenye mbao zake.

Mtoto wa Makorora

Hapo kwenye saa ya asubuhi nimekuelewa mzee. Na vibarua?

Afisa Usalama TZ

Kibarua mpya asiguse msumeno wiki ya kwanza. Apewe fundi mmoja wa kumshika, na huyo fundi alipwe kwa kumfundisha. Mafundi wenyewe wachague pia mwakilishi wao wa usalama, sheria inataka awepo. Wamchague yule wanayemsikiliza, hata kama ndiye aliyelifungua kava.