Jibu: Kuhamia Ohio na watoto

Ndugu zangu, nimepata kazi ya ghalani karibu na Dayton. Mama watoto hataki kusikia. Anasema huko, Springfield, si ndiko walikosingiziwa wahamiaji wa Haiti kula mbwa wa majirani? Mnaoishi huko mwasemaje? Na aliyesema mbona hakushtakiwa? Kwetu Kenya angalau NCIC, ile tume ya uwiano na utangamano, humwita mtu akahojiwe.

---

Kaka, wifi haogopi bure. Mimi niko Columbus, Springfield si mbali na hapa. Trump aliyasema yale kwenye mdahalo wa Septemba 10, 2024, ilhali polisi wa mji walikuwa wameshasema hawana taarifa yoyote ya kuaminika. Siku mbili baadaye ofisi za jiji zikafungwa kwa tishio la bomu, kisha shule. Ndani ya wiki gavana DeWine alikuwa amehesabu vitisho 33, vyote vya uongo. Ila mtoto wa darasa la pili anayetolewa mbio darasani, atajuaje kuwa bomu halipo?

Mimi kilichonichoma ni majibu ya wanasiasa. Vance, seneta wa Ohio wakati ule na mgombea mwenza wa Trump, alipobanwa na CNN alisema ikibidi atunge hadithi ili vyombo vya habari viangalie shida za Wamarekani, atatunga. Halafu akadai ameyasikia kwa wapiga kura wake. DeWine, wa chama hichohicho na mzaliwa wa Springfield, aliukana uvumi hadharani na kupeleka askari wa jimbo shuleni. (Kuwaunga mkono wale wawili hakuacha. Siasa!)

Mashtaka sahau. Hapa mtu hafungwi kwa maneno ya uchochezi mpaka awe amekusudia kuchochea fujo za papo hapo, na fujo zenyewe ziwe karibu kutokea. Mahakama ya Juu iliamua hivyo 1969, katika kesi ya kiongozi wa Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, wa Ohio hiihii. Na hao wa NCIC, wangapi umewaona wakifungwa?

Sasa ya muhimu. Ghala nyingine haziruhusu simu kazini, kwa hiyo shuleni andikisha namba ya pili, ya mtu mwenye gari. Omba mkalimani wa Kiswahili; ni haki yenu, hamlipi. Mkitishwa kwa ujumbe, piga picha ya skrini kabla ya kufuta. Na zile klipu za WhatsApp za "jionee mwenyewe" zisitoke kwako.

---

Ahsante dada. Nimemsomea. Sasa anauliza, tukikaa Columbus, naweza kwenda na kurudi Dayton kila siku?

---

Waweza, kwa I-70, saa moja na kitu, theluji ikianguka ongeza. Matairi yawe mazima. Springfield utaipita njiani. Nilikula kwa Wahaiti pale, wali na maharage, kama wa kwetu, ila pilipili yao mwambie wifi aionje kwanza.